Ile skani ya shingo ya mtoto, njoo kabla wiki 14 zipite

Kina mama wengi hapa Nairobi tunawaona kwa skani mara ya kwanza tumbo likiwa miezi mitano ama sita, wanataka kujua kama ni mvulana ama msichana, na wakati huo muda wa kupima maji ya shingoni ya mtoto umeshapita.

Mimba ikiwa wiki 11 hadi wiki 13 na siku 6 mtoto anakuwa na maji kidogo chini ya ngozi nyuma ya shingo, kila mtoto anayo, kwa skrini yanaonekana kama kamstari keusi na tunayapima kwa milimita. Yakifika milimita 3.5 kuenda juu, uwezekano wa kromosomu (vifurushi vya urithi ndani ya seli) kuzidi unapanda, sana sana Down, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa mtoto, ambapo kromosomu ya 21 ziko tatu badala ya mbili. Lakini inaweza pia kuwa ni moyo una shida, ama hakuna shida yoyote na mtoto anazaliwa sawa kabisa. Wiki 14 zikipita hayo maji yanaweza kupungua yenyewe hata kama kromosomu imezidi, ndio maana kwangu tarehe ni muhimu kushinda hata ubora wa mashine.

Tafadhali shika hii: skani haisemi ndio ama hapana. Inakupa uwezekano, tuseme 1 kwa 200, yaani kwa mimba 200 kama yako, 199 hazina shida hiyo. Tukiunganisha na umri wa mama na kipimo cha damu yake, tunashika kama mimba 90 kwa kila 100 zenye Down, lakini pia kama mama 5 kwa 100 ambao watoto wao hawana Down wanaambiwa wako kwa hatari. Jibu kamili linatoka kwa kutoa maji ya uzazi kwa sindano, kuanzia wiki ya 15, na hiyo ina hatari ndogo ya mimba kutoka, kwa hivyo ni wewe unaamua, si daktari wala mama mkwe.

Na mama, si chakula ulikula, si kazi nzito, si laana. Mara nyingi hiyo kromosomu ilizidi yai likitengenezwa, kabla hata ushike mimba.

Kama hukumbuki hedhi ya mwisho ilikuwa lini usikae nyumbani ukihesabu, kuja tu, tutapima urefu wa mtoto tujue ni wiki ngapi.