Injini isiyo na kamshafti: maneno ya mtaani na hali halisi

Injini isiyo na kamshafti (ile shafti yenye nundu inayosukuma valvu zifunguke, yaani vile vifuniko vya kuingiza hewa na kutoa moshi) sio injini isiyo na valvu. Naanza na hili kwa sababu naona linachanganywa sana, mtu akisikia kamlesi, maana ndo jina lake la mtaani, anaanza kutaja pikipiki za tustroku za zamani au ile injini ya rotari ya Mazda. Zile hazina kamshafti kwa sababu hazina valvu kabisa, hewa na moshi vinapita kwenye matundu ambayo pistoni au rota yenyewe inayafungua na kuyafunga. Kamlesi tunayoiongelea hapa ina valvu zake juu ya silinda hedi kama kawaida, ila hakuna shafti inayozisukuma, kila valvu ina kifaa chake kinachoendeshwa na umeme au oili yenye presha au hewa yenye presha, na kompyuta ndo inaamua ifunguke saa ngapi, ifunguke kiasi gani, ikae wazi muda gani, au isifunguke kabisa. Ukifikiria vizuri hilo ni jambo kubwa sana, maana nundu za kamshafti zinachongwa kiwandani mara moja na basi, umbo lile lile lifanye kazi gari likiwa limesimama kwenye foleni na lile lile lifanye kazi likiwa linapanda mlima na mzigo.

Wengine wanauliza, "Sasa si ndo VVT-i hiyo, mbona tunazo miaka yote?" Hapana jamani. Kwenye VVT-i ya Toyota kuna solenoidi (kifaa cha sumaku ya umeme) inapeleka oili kwenye gia iliyo mwisho wa kamshafti, kamshafti inazungushwa mbele kidogo au nyuma kidogo, kwa hiyo muda wa valvu unasogea lakini nundu ni zile zile. VTEC ya Honda iliyoanza 1989 inahama kutoka nundu ndogo kwenda nundu kubwa. BMW na Valvetronic yao ya 2001 walifika mbali zaidi, mota ya umeme inabadilisha valvu inafunguka kiasi gani mpaka kazi kubwa ya kupima hewa inafanywa na valvu zenyewe, na bado kamshafti ipo. Iliyokaribia kabisa ni MultiAir ya Fiat, ilitoka 2009 kwenye Alfa Romeo MiTo, pale valvu za kuingiza hewa zinasukumwa na oili na kompyuta inaweza kuiachia hiyo oili ikate safari ya valvu katikati, lakini nani anaisukuma oili yenyewe? Kamshafti. Hata wanaosema Formula 1 waliitoa zamani wanachanganya, Renault mwaka 1986 walitoa springi za chuma wakaweka springi za hewa, kamshafti haikwenda popote.

Kuna hii nyingine ndo inaniuma zaidi maana inawadharau mainjinia waliohangaika miaka mingi: "weka solenoidi juu ya kila valvu, unganisha na kontrol boksi, kwisha." Ingekuwa rahisi hivyo tungekuwa nazo tangu zamani. Kufungua valvu sio tatizo, tatizo ni kuifunga.

Chukua injini ya mizunguko 6000 kwa dakika. Kwenye fostroku, yaani injini ya kawaida ya gari, kila valvu inafunguka mara moja kwa kila mizunguko miwili, kwa hiyo ni mara 50 kwa sekunde, na injini ina valvu 16, hapo ni matukio 800 kila sekunde na kila moja liwe kwa wakati wake. Valvu inatembea kama milimita 8 au 9 kwenda na kurudi ndani ya milisekunde chache sana, katikati ya safari inapita mwendo wa mita 2 kwa sekunde, halafu ikifika kwenye kiti chake inatakiwa itue taratibu, chini hata ya sentimita 10 kwa sekunde. Kamshafti inaifanya hii kazi bila kufikiri, ukiangalia nundu yake mwishoni ina mteremko mdogo sana unaoishusha valvu polepole mpaka inakaa. Sumaku ya umeme ina tabia ya kinyume kabisa, kadiri chuma kinavyoikaribia ndo inavyokivuta kwa nguvu zaidi, yaani pale unapotaka breki ndo inaongeza mwendo. Ni kama mlango ulioshikwa na upepo, lazima mtu aushike kabla haujabamiza, na hapa mwenye kuushika ni programu yenye muda mfupi kuliko kope kupepesa. Akichelewa kidogo unapata kelele, kiti cha valvu kinaliwa, na valvu yenyewe inaweza kukatika shingo. Ongeza na hili, valvu ya moshi inafunguka huku ndani ya silinda bado kuna presha, na hiyo presha inabadilika kila mara unapokanyaga mafuta, kwa hiyo nguvu iliyotosha sekunde iliyopita sasa hivi haitoshi.

Na umeme wenyewe unatoka wapi? Miaka ile ya mwisho wa 1990 na mwanzo wa 2000 makampuni mengi yalikuwa yanajaribu valvu za sumaku, na moja ya sababu watu walikuwa wanaongelea magari kuhamia volti 42 ni kwamba altaneta ya volti 12 ingelemewa na kazi hiyo. Hapo hapo inaanguka dhana nyingine, kwamba ukitoa kamshafti umepata nguvu ya bure. Springi ya valvu ikirudi inaisukuma kamshafti, kwa hiyo sehemu ya nguvu uliyotumia kufungua inarudishwa. Kifaa cha umeme au cha oili lazima ukilipie kila safari. Faida ya kamlesi iko kwengine, iko kwenye kuipa injini hewa inayotakiwa tu bila kuibana koo kwenye throto (kile kilango cha kupunguza hewa), na kuweza kuzima silinda ambazo hazihitajiki.

"Umeme ukikatika valvu zinabaki wazi, pistoni inazigonga, injini imekufa." Hii siwezi kuikataa yote. Ule muundo wa sumaku mbili na springi mbili, bila umeme valvu inakaa katikati, nusu wazi, maana springi zinavutana, kwa hiyo mbunifu lazima aache nafasi kwenye kichwa cha pistoni la sivyo ndo hivyo hivyo mnavyosema. Lakini miundo inayofungua kwa oili au hewa na kufunga kwa springi, presha ikipotea valvu inajifunga na gari linazima tu. Na tusisahau kamshafti tunayoitetea nayo mkanda wa taimingi ukikatika kwenye injini nyingi valvu zinapinda, mafundi wetu wanafungua injini kwa ajili hiyo kila siku.

Halafu kuna wanaosema haijawahi kutoka maabara, ni maneno ya Koenigsegg tu, wale watengeneza magari ya kifahari wa Sweden. Hapa naomba tutoke barabarani twende bandarini.

Injini kubwa za meli, zile dizeli za tustroku zenye urefu wa ghorofa kadhaa, zimeondoa kamshafti zaidi ya miaka 20 iliyopita. Sulzer walikuja na RT-flex, meli ya kwanza kuitumia ilikuwa Gypsum Centennial mwaka 2001, na MAN B&W wakaja na familia yao ya ME. Mwaka 2006 Emma Mærsk ikaingia baharini na RT-flex ya silinda 14, kilowati 80,000 hivi, na hakuna kamshafti ya kufungua valvu mle ndani. Kila silinda ina valvu moja kubwa ya moshi katikati ya kichwa, inafunguliwa na oili ya presha ya kama baa 200 kwa amri ya kompyuta, na inafungwa na springi ya hewa. Kwa nini huku iliwezekana na kwenye gari ikashindikana? Rudi kwenye hesabu yetu. Injini ya meli inazunguka kama mara 100 kwa dakika, na kwenye tustroku valvu inafunguka kila mzunguko, kwa hiyo ni mara 1.7 hivi kwa sekunde badala ya 50, muda wa kuishusha taratibu upo wa kutosha. Halafu meli inachoma mafuta mengi mno, ukiokoa asilimia ndogo tu umelipa mtambo wote. Na inaweza kutambaa kwa mizunguko 10 au 12 kwa dakika bila kutoa wingu la moshi mweusi.

Kwenye magari kweli Koenigsegg na kampuni yao dada Freevalve pale Ängelholm, Sweden, wamefika mbali kuliko wengi, wanatumia hewa, oili na umeme kwa pamoja. Mwaka 2016 Qoros ya China ilionyesha gari lenye injini hiyo huko Guangzhou, lita 1.6, kilowati 170, halikufika madukani. Mwaka 2020 ikatangazwa Gemera, gari la Koenigsegg wenyewe, silinda 3, lita 2, nguvu farasi 600. Kuna kitu mle nakipenda kweli, kila silinda ina valvu mbili za moshi na kila moja inaelekea turbo yake, injini ikizunguka polepole kompyuta inafungua moja tu ili moshi wote uende kwenye turbo moja iamke haraka. Lakini baadaye wakaweka na chaguo la V8 yenye kamshafti, wateja karibu wote wakakimbilia hiyo na ile ndogo ikawekwa pembeni. Mimi siamini teknolojia ndo ilishindwa pale, mtu anayelipa pesa za namna ile anataka V8 basi.

Ila kusema kwamba miaka michache ijayo kila gari litakuwa hivi, hapana, na sio magari ya umeme peke yake yanayoizuia. Haibridi ndo imeiziba njia zaidi. Injini ya haibridi inasaidiwa na mota, kwa hiyo inafanyishwa kazi pale inapofanya vizuri, na kwa kazi hiyo kamshafti ya bei rahisi na VVT-i inatosha, Prius imeenda hivyo tangu 1997. Kiwanda hakiwezi kuweka vifaa 16 vya bei ghali kwa faida ndogo iliyobaki. Na kwa sisi tunaosubiri magari yaliyotumika, Kenya kwa mfano inaruhusu yasiyozidi miaka 8, kitu ambacho Japani hawakiweki kwenye magari ya kawaida leo hakitashuka Mombasa kesho. Kwa hiyo mtu akikuuzia eti seti ya vifaa vya kugeuza injini yako iwe kamlesi, usitoe hela.

Watu wetu watakaozishika hizi injini ni mabaharia. Laura Mærsk ya 2023, meli ya kontena inayotumia methanoli, ina injini ya familia ile ile ya ME. Kijana anayesoma pale chuo cha ubaharia cha DMI Dar au Bandari Maritime Academy Mombasa akiajiriwa kwenye meli kubwa atakuta hakuna nundu ya kukagua, kuna presha ya oili, sensa, na filta ambazo zikipitisha uchafu valvu ndogo ya haidroliki inakwama na silinda nzima inaharibika mpangilio.