Hamira lishe: haiumui unga, haina B12 yake yenyewe, na mengine tunayodanganyana

Ngoja nianze na aibu yangu. Mara ya kwanza kununua hamira lishe (nutritional yeast), ile ya vipande vyembamba vya njano kama pumba ambayo watu wananyunyizia chakula kama kiungo, niliitia kwenye unga wa mkate vijiko viwili, nikafunika bakuli na kitambaa nikakaa kusubiri. Saa nzima, kimya. Saa mbili, unga umelala vile vile nilivyouacha, tofauti ni kwamba sasa una unjano na unanukia kama karanga. Nikasema hapa nimeuziwa feki. Kumbe feki nilikuwa mimi, sikusoma pakiti.

Basi hiyo ndo dhana ya kwanza, kwamba hamira ni hamira tu. Kiumbe ni yule yule kweli, Saccharomyces cerevisiae, huyo huyo anayeumua mkate na kuchachusha bia, ila hii hamira lishe inakuzwa kwenye molasi ya miwa au ya kiazisukari, ikishazaliana vya kutosha inavunwa, inaoshwa, inapashwa moto mpaka inakufa, ndo inakaushwa. Imekufa kabisa. Haili sukari, haitoi gesi, unga utaumuka na nini? Na usigeuze mambo ukachukua hamira hai ya mkate ukanyunyizia chakula eti si ni ndugu, tumbo litajaa gesi na ladha yenyewe haifai.

Kwa sababu imekufa, ile hofu ya "ukiila utapata fangasi" nayo haina miguu. Fangasi za mdomoni na za ukeni kwa kawaida zinaletwa na Candida, kiumbe mwingine kabisa, na kilichokufa hakizaliani tumboni kwa mtu.

Sasa kwenye B12, ile vitamini ya damu na mishipa ya fahamu, naomba tukae kidogo maana hapa watu wanaumia kimya kimya. Utasikia "mimi sili nyama wala maziwa lakini niko poa, nakula hamira lishe ina B12". Jamani, hamira haitengenezi B12. Wanaotengeneza ni bakteria. Ukiona B12 kwenye hamira lishe ujue kiwandani wameiongeza, na wapo wanaoongeza na wapo wasioongeza, unaweza kuweka pakiti mbili mezani zimefanana rangi, harufu, kila kitu, moja ina B12 kibao na nyingine haina hata chembe. Kwa hiyo geuza pakiti usome viambato, utafute vitamini B12 au sianokobalamini (ni B12 hiyo hiyo kwa jina jingine), ikikosekana basi umenunua kiungo kitamu na ndo mwisho wa habari. Halafu angalia na kipimo, kile kiwango kilichoandikwa ni cha vijiko vyao viwili au vitatu, wewe unayechota chembe mbili kwa vidole juu ya supu usijihesabie chote. Mtu mzima anashauriwa kupata kama mikrogramu 2.4 kwa siku, ni kidogo sana, lakini mwili una akiba yake kwenye ini inayoweza kukuvusha miaka kadhaa, ndo maana mtu anajiona mzima huku akiba inaisha taratibu, kuja kushtuka ni upungufu wa damu au ganzi za miguu.

Na wapo wanaoikwepa iliyoongezwa vitamini eti ni kemikali, wanataka "ya asili". Hiyo B12 ya viwandani inatoka kwa bakteria waliofugwa kwenye matanki, sijui asili gani zaidi ya hapo mnayoitaka.

Dhana nyingine: ule utamu kama wa chizi (ya kuliwa, siyo ya kichwani) eti ni MSG, kile kiungo cha dukani cha kukoleza ladha, wameficha. Hapana. Hamira ina glutameti yake yenyewe, yaani kile kinacholeta ladha ya MSG, ile ile iliyomo kwenye nyanya iliyoiva, uyoga na jibini iliyokaa muda mrefu. Ila haina chumvi ya maana, na ndo sababu wengi wakionja wanasema haina ladha. Tia chumvi kidogo kwanza halafu uniambie.

Pia haiyeyuki. Ukiimwaga juu ya pasta ukaweka kwenye oveni ukitegemea ivutike kama uzi utasubiri kama mimi na mkate wangu, maana haina mafuta ya kuyeyuka. Mimi kama nataka sosi nzito nachemsha viazi na karoti, nasaga kwenye blenda pamoja na maji yake kidogo, mafuta, chumvi, kitunguu saumu na limao, namalizia na vijiko vitatu vinne vya hamira lishe. Uzito unatoka kwenye wanga wa viazi, hamira inaleta ladha tu. Usizidishe, ikizidi inaacha uchungu. Na kama yako ni ya unga laini siyo vipande, punguza kijiko maana inashindilia zaidi.

Eti ukiipika vitamini zote zinakufa? Nusu ukweli. B1 na foleti zinapungua ukichemsha muda mrefu, kwa hiyo itie mwishoni, lakini protini iko pale pale, na vijiko viwili vikubwa vinakupa kama gramu 5. B2 yenyewe inavumilia moto, adui yake ni mwanga, kwa hiyo ile chupa nzuri ya kioo dirishani itoe. Na mkojo ukiwa wa njano kali usikimbilie hospitali, ni B2 hiyo iliyozidi inatoka.

Ila "haina madhara kwa mtu yeyote" nalo ni uongo. Mwenye jongo aende nayo polepole maana hamira ina purini nyingi, vitu ambavyo mwilini vinageuka asidi ya yuriki inayochochea jongo, na anayetumia dawa za sonona za kundi la MAOI amuulize daktari kwanza kwa sababu ya tairamini, kemikali ya kwenye vyakula inayoweza kupandisha presha ikikutana na dawa hizo. Asiyetakiwa kula gluteni achunguze asiuziwe masalia ya hamira ya bia, hayo yanaweza kuwa na shayiri.

Kuhifadhi ni kopo lisilopitisha mwanga, mfuniko uliobana, kijiko kikavu. Ikipata unyevu inagandamana kama sukari ya mvua.