Damu kichwani mwa mtoto mchanga: si lazima awe ameangushwa

Hapa Bukavu, kuanzia Kadutu mpaka Bagira, mtoto mchanga akikutwa damu imevuja kwenye ubongo, macho yote humgeukia mama: alimwangusha, au mkunga alimvuta vibaya. Ni kweli, uzazi wa shida unaweza kuumiza kichwa. Lakini wapo watoto wanaovuja damu hata baada ya kuzaliwa salama, kwa sababu damu yao haigandi vizuri.

Ugonjwa unaojulikana zaidi ni hemofilia. Mwili hupungukiwa protini moja ya kugandisha damu, namba 8 au namba 9, hivyo mshipa mdogo ukipasuka hauzibiki. Kasoro hiyo hukaa kwenye kromosomu X, kibeba urithi ambacho mtoto wa kiume hukipata kwa mama yake. Mama anaweza kuibeba bila kuumwa, na kila mtoto wa kiume atakayemzaa ana nafasi moja kati ya mbili ya kuipata. "Kwetu hakuna ugonjwa huo" si jibu: karibu theluthi moja ya wagonjwa hawana ndugu mwenye hemofilia. Kumlaumu mama kwa hilo ni kumwonea.

Sindano ya vitamini K, inayosaidia damu kuganda, baada ya kuzaliwa ni muhimu kwa kila mtoto, ila haitibu hemofilia.

Mtoto akikataa kunyonya, akitapika mfululizo, akipata degedege au utosi ukivimba, mpelekeni hospitali usiku huohuo. Mwambieni daktari kama kuna mjomba wake aliyevuja damu kupita kiasi alipotahiriwa.