Wiki sita au miaka sita? Kumhudumia mzee nyumbani

Familia nyingi zikiniita huanza na swali la muda: "Dada muuguzi, utakuja kwa wiki ngapi?" Sijibu papo hapo. Kwanza huomba nimwone mzee akiinuka kitandani na kuketi kitini.

Huduma ya muda mfupi hufuata upasuaji, kuvunjika nyonga, homa ya mapafu au kiharusi chepesi. Huchukua wiki chache, pengine miezi mitatu, na lengo lake ni mhudumu aondoke, mzee abaki akijitegemea. Huduma ya muda mrefu ni ya mzee ambaye ugonjwa wake hautarudi nyuma, kama ugonjwa wa kusahau, Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa mwili) au kupooza kwa kudumu. Hapo tunalinda uwezo uliobaki, na maumivu yasimtese.

Kinachoniumiza ni kuona mzee wa wiki sita akihudumiwa kama wa miaka sita. Nilimhudumia bibi mmoja aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga. Binti yake alimpenda kupita kiasi: alimlisha, akamvalisha, akamfunga hata vifungo vya gauni, ilhali mikono ya mama haikuwa na hitilafu yoyote. Nikamwomba siku moja aketi tu atazame. Kifungo cha kwanza kilichukua karibu dakika tatu. Vidole vilitetemeka, kifungo kikaponyoka mara mbili, binti machozi yakamlenga. Wiki ya nne bibi alivaa mwenyewe, akatuambia tumpishe atoke. Misuli ya mzee hunywea haraka isipotumika, siku chache tu za kulala zinatosha kumpokonya nguvu za kusimama.

Mimi hupima kwa mambo sita yaliyoorodheshwa na daktari Sidney Katz na wenzake mwaka 1963: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuinuka na kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kuzuia haja, na kula. Waligundua kwamba kuoga ndiko hupotea mapema na kula huwa mwisho, na anayepona hurejea kwa kufuata njia hiyohiyo kinyumenyume. Kwa hiyo mzee anayejilisha lakini hawezi kuoga usimkatie tamaa, wala usimharakishe bafuni. Hupima tena kila wiki. Wiki nne zikipita bila badiliko, naieleza familia wazi kwamba huenda mpango wote ukabadilika, na daktari ahusishwe.

Kwa mzee asiyejigeuza, kazi kubwa ni ngozi. Tunamgeuza takriban kila saa mbili, usiku pia, isipokuwa kama godoro na hali yake vinaruhusu muda mrefu zaidi. Kagua visigino, nyonga na mfupa wa mwisho wa mgongo. Ukiona wekundu, bonyeza kwa kidole kisha uachie: pasipopauka, kidonda cha kulalia kimeanza, hata kama ngozi bado haijachubuka. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo papasa kwa mgongo wa mkono utafute joto au ugumu. Na tafadhali msipasugue wala kupakanda, mtazidi kuumiza.

Kosa la pili ni la upande wa wahudumu wenyewe. Familia huikabili huduma ya miaka kama dharura ya wiki moja. Mtoto mmoja huacha kazi, halali, hali kwa wakati, na wengine hupiga simu kuuliza hali. Miezi michache baadaye nakuta wagonjwa wawili katika nyumba moja. Nimelia na watu hao jikoni, si mara moja.

Ndiyo maana, huduma ikiwa ya muda mrefu, siku ya kwanza hubandika ukutani ratiba ya zamu za usiku. Nikikuta jina ni moja kuanzia Jumatatu hadi Jumapili, naomba simu, nawapigia ndugu mmoja mmoja mpaka lipatikane la pili.