Nani anaruhusiwa kukaa kwenye Baraza la Sera la Head Start

Wazazi wengi wanaozungumza Kiswahili hapa Marekani, hasa waliotoka Kongo, wananyamaza uchaguzi wa wajumbe wa Baraza la Sera unapofika kwenye kituo cha Head Start, yaani mpango wa serikali ya Marekani wa malezi na elimu ya awali kwa watoto wa familia zenye kipato kidogo. Wanadhani viti ni vya waliosoma. Sivyo. Sheria haidai cheti wala Kiingereza fasaha. Inachotaka kwa kiti cha mzazi ni mtoto awe ameandikishwa sasa hivi. Bibi au shangazi ambaye ndiye mlezi mkuu wa mtoto anahesabiwa mzazi kamili, na vivyo hivyo mlezi wa kisheria.

Tusichanganye vyombo viwili: bodi ya uongozi na Baraza la Sera. Bodi ya uongozi ndiyo inayobeba dhamana ya fedha na sheria. Lazima iwe na angalau mtu mmoja anayejua uhasibu au usimamizi wa fedha, mmoja mwenye utaalamu wa malezi na elimu ya awali, na wakili mmoja mwenye leseni. Wakikosekana, bodi hutumia washauri wenye ujuzi huo. Wajumbe wake wengine hutoka kwenye jamii, wakiwemo wazazi wa watoto waliopo au waliowahi kusoma hapo.

Baraza la Sera, ambalo kwenye barua za kituo utaliona kama Policy Council, ni la wazazi. Hupitisha bajeti, maombi ya fedha, vigezo vya kupokea watoto, na hata maamuzi ya ajira na vigezo vya kuajiri na kufukuza wafanyakazi, kisha hupeleka kwa bodi. Wazazi wa watoto waliopo lazima wawe zaidi ya nusu. Viti vilivyobaki ni vya wanajamii, na mzazi ambaye mtoto wake amekwisha kuhitimu hukaa huko, si upande wa wazazi.

Hapo kwenye hesabu ndipo mambo huharibika. Baraza la watu 12 lenye wazazi 6 halijatimiza sheria, kwa sababu nusu si wingi. Chukua baraza la watu 13 lenye wazazi 7: familia moja ikihamia jimbo jingine Februari, wanabaki wazazi 6 kati ya 12, na wingi umepotea bila mtu kukosea. Kwa hiyo nashauri lisianze na chini ya wazazi 9 kati ya 13, na kila kituo kichague mjumbe wa akiba siku ileile ya uchaguzi. Angalieni pia mgawanyo: programu ikiwa na watoto wanaofundishwa nyumbani kwao na wanaokuja kituoni, wazazi wa pande zote mbili wawakilishwe kwa uwiano.

Nani hawezi? Mfanyakazi wa programu hawezi kukaa kwenye Baraza, hata kama mtoto wake anasoma hapohapo. Mzazi anayeshikilia nafasi ya mwalimu mara mojamoja tu anaruhusiwa. Akianza kuajiriwa rasmi, kiti anakiacha. Hakuna mjumbe anayelipwa kwa ujumbe wake wala kwa kuiuzia programu huduma, kwa hiyo mama anayepikia kituo kwa malipo hafai. Kwa bodi ya uongozi masharti ni makali zaidi: hata ndugu wa karibu wa mjumbe asiwe ameajiriwa na shirika. Kwa Baraza, sheria yenyewe inakataza mgongano wa maslahi bila kutaja ajira ya ndugu, ila kanuni za ndani zinaweza kuongeza katazo hilo. Zisome kabla hujampendekeza mke wa dereva wa basi.

Muhula ni mwaka mmoja. Mtu anaweza kuchaguliwa tena, lakini jumla isizidi mihula 5, na kanuni za ndani zinaweza kuweka idadi ndogo zaidi. Katibu aandike kwenye daftari nani ameanza mwaka gani, la sivyo ubishi utaibuka siku ya kupiga kura. Baraza la zamani halivunjwi mpaka jipya limechaguliwa na kukaa.

Mwenye kipato kidogo ana haki ya kurudishiwa gharama za lazima zinazomwezesha kuhudhuria, kama nauli na malipo ya kuangaliziwa watoto. Tunza risiti, na uulize fomu ya madai kwenye kikao cha kwanza.