Cheti cha uhalisi hakithibitishi sahihi ya mtu

Wengi huamini kwamba sahihi ya mtu maarufu ikiuzwa pamoja na cheti cha uhalisi, mjadala umekwisha. Si kweli. Cheti ni maoni ya aliyekiandika, na anayeweza kughushi sahihi hashindwi kughushi karatasi ya kuisindikiza. Hata wataalamu huteleza: shajara zilizodaiwa kuwa za Hitler, zilizotangazwa mwaka 1983, ziliwapita wachunguzi wa mwandiko bila kugundulika kuwa bandia kwa sababu baadhi ya sampuli walizolinganisha nazo zilighushiwa na Mjerumani Konrad Kujau, yuleyule aliyeandika shajara zenyewe. Vipimo vya karatasi na wino ndivyo vilivyomuumbua. Ukiitilia shaka sahihi uliyonunua, usiiuze kimyakimya; huko ni kumtwika mwingine hasara. Tunza risiti, kisha tafuta mchunguzi asiyefungamana na muuzaji.