Kutathmini hatari kwa mzee mwenye demensia: tazama anavyofanya, usitosheke na anachosema

Mzee mwenye demensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaopunguza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, anaweza kuzungumza na mgeni nusu saa nzima, akatania, akasema anakula vizuri na dawa anakunywa, mgeni akaondoka akiamini hakuna tatizo. Adabu na maongezi ya kawaida mara nyingi hubaki hata kumbukumbu ikiwa imepungua sana. Kwa hiyo tunapotathmini hatari katika matunzo yake, tunaomba tuone.

Mwombe akuonyeshe anavyokunywa dawa za asubuhi. Utakuta pakiti mbili za dawa ileile ya presha zimefunguliwa, au atameza kidonge, aongee kidogo, kisha anyooshe mkono kuchukua kingine. Familia nyingi huhofia dozi iliyosahaulika. Mimi huulizia kwanza iliyorudiwa, hasa kwa anayejidunga insulini, maana sukari inaweza kushuka hadi akazimia. Kagua na dawa zenyewe. Zile za mafua na mzio zinazoleta usingizi, kama klorofeniramini, huweza kumzidishia mkanganyiko na kumwangusha.

Kisha mpime presha akiwa amelala, na tena ndani ya dakika 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, hatari ya kuanguka ni kubwa, na zulia linaloteleza si tatizo pekee nyumbani humo. Wakati wa chakula, sikiliza: kukohoa kila anapokunywa au sauti yenye majimaji huashiria kwamba chakula kinapita njia ya hewa, na hapo nimonia haiko mbali. Anayekunja uso na kusukuma mikono ya anayemwogesha huitwa mkorofi, kumbe huenda anaumwa na hawezi kusema.

Lipo jambo lisilongoja tathmini. Demensia aghalabu huzidi polepole, kwa miezi na miaka. Aliyewatambua wajukuu juzi, leo akiongea na watu wasioonekana au akisinzia kutwa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Huenda ni maambukizi, hata bila homa. Huenda ni upungufu wa maji, choo kigumu, mkojo uliozuilika au dawa mpya. Ukiambiwa "ni uzee tu", omba apimwe.

Kuhusu kumfungia mlango au kumfunga kitandani, sikubaliani na wanaoita huo usalama. Aliyefungwa huhangaika kujinasua na kujiumiza, na miguu isiyotembea hudhoofu, kisha huanguka zaidi. Afadhali atembee na mtu kwa saa anazopenda kutoka, awe na kitambulisho chenye namba ya simu mfukoni.

Tathmini irudiwe akianguka, akitoka hospitali, au akibadilishiwa mlezi. Mlezi naye aulizwe analala saa ngapi, na nani humpokea zamu. Jibu liandikwe kwenye faili la mgonjwa, kwa kuwa aliyekesha siku tatu ndiye anayekosea dozi.